Kisima cha marehemu baba Mabogini kinashuka na masika ilikuwa nzuri. Maji ya chini ya ardhi huku tambarare ya Moshi, chini ya Kilimanjaro, yanatoka wapi hasa?

#1 Kijana wa Mabogini
Habari za jioni wadau. Tuna kisima cha kuchimba kwa mkono, kina mita 9, kipo nyuma ya nyumba upande wa majaluba ya mpunga. Marehemu baba alikuwa na daftari la maziwa, na kurasa za nyuma alikuwa akiandika kina cha maji kila mwezi. Juni mwaka juzi aliandika mita 3.4 kutoka mdomoni hadi usoni mwa maji. Alipotutoka nikaendelea mimi. Juni mwaka jana 4.1. Juni hii 5.0. Na mwaka huu mvua imenyesha hadi barabara ya kwenda shambani ikakatika.

Naomba mnieleze. Kama mvua ni nzuri na maji yanashuka, haya maji yanatoka wapi? Na yanakwenda wapi?

#2 Mangi wa Kibosho
Jibu liko juu ya kichwa chako, kijana. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekwisha. Sisi tuliokulia huku juu tunakumbuka mlima ulivyokuwa mweupe hadi mabegani, sasa ni kofia iliyochanika. Chemchemi zote za chini, Njoro, Miwaleni, Chemka, ni maji ya theluji yaliyopita ndani ya mwamba. Theluji ikiisha na visima vinakauka.

#3 Mama Majaluba
Pole kwa msiba wa mzee, mwanangu. Mimi nipo Chekereni, nalima mpunga tangu mbegu ya IR54 ilipokuwa ndiyo habari ya mjini. Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kisima changu kinapanda majaluba yakijazwa, hata kama hakuna tone la mvua. Maji yakifungwa kwenye mfereji, baada ya wiki mbili tatu kisima nacho kinalegea. Zamu yetu ya maji imepungua sana. Ukiuliza kisima, uliza kwanza mfereji.

#4 Mpima Chemchemi
Mangi #2, na mimi napenda ule mlima, lakini hesabu inakataa. Barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imeondoka. Iliyobaki haifiki kilomita za mraba 2. Tuseme ina unene wa mita 20, na tuseme inayeyuka yote kwa mwaka mmoja. Utapata mita za ujazo milioni 40. Sasa chukua msitu wa mteremko wa kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kilomita za mraba 100 tu za msitu huo zinapokea mita za ujazo milioni 200, kila mwaka. Tena sehemu kubwa ya barafu ya kule juu haiyeyuki ikawa maji, inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu.

Tambarare ya Mabogini na Kahe haipati theluthi ya mvua hiyo ya msituni. Kwa hiyo tunaishi kwa mvua iliyonyesha kwa wenzetu wa juu. Inazama kwenye lava na majivu ya volkano, mawe yenye matundu na nyufa, inateremka chini kwa chini, na pale mteremko unapolala na mwamba kukutana na udongo wa mtoni, inatoka kama chemchemi. Njoro na Miwaleni zimekaa hapo hapo kwa sababu hiyo.

Kijana #1, swali moja dogo: unapima saa ngapi?

#5 Mangi wa Kibosho
Hesabu nimeielewa, aika (asante). Ila nani aliyethibitisha kwamba maji ya Njoro ni ya msituni na si ya kileleni? Maji hayana kitambulisho.

#6 Mpima Chemchemi
Yanacho, na ndiyo kazi iliyonipeleka kwenye chemchemi na chupa mkononi. Oksijeni ya kwenye maji si ya aina moja, ipo nyepesi na ipo nzito. Wingu likipanda mlima linaangusha kwanza maji yenye oksijeni nzito, kwa hiyo mvua ya juu inakuwa nyepesi kuliko ya chini. Unapima mvua ya miinuko tofauti, unapima chemchemi, halafu unalinganisha. Chupa unaijaza ukiwa umeizamisha ndani ya maji na kuifunga humo humo isibaki hewa, maana maji yakivukizwa kidogo tu kitambulisho kinaharibika. Kinachosomeka ni mchanganyiko, kwa hiyo sisemi barafu haina hata tone. Nasema haiwezi kubeba tambarare nzima mgongoni.

#7 Fundi Pampu
Nyie mnazungumza mawingu, mimi nazungumza pampu. Miaka kumi iliyopita nilikuwa nikitengeneza pampu za petroli mbili tatu kwa wiki kutoka Mabogini, Kahe na Oria. Leo kijiwe kimejaa kila siku. Kila mwenye nyanya, kitunguu au mahindi ya kuchoma ana pampu yake. Mpunga ulikuwa wa mfereji, mboga ni za kisima. Kijana aangalie jirani zake wana pampu ngapi kabla ya kuulaumu mlima.

#8 Kijana wa Mabogini
Asanteni wote. #4, napima Jumapili saa kumi jioni, ndiyo siku sina kazi mjini. #7, jirani wa kulia ana pampu moja, wa nyuma ana mbili, na mwaka huu amepanda nyanya eka mbili. Kisima chake kipo kama hatua 40 kutoka chetu.

#9 Mpima Chemchemi
Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Pampu ikivuta, maji kuzunguka kisima hayashuki sawasawa kama kwenye tangi. Yanainama kama faneli, kina kikubwa pale penye pampu na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ukiwa hatua 40 huenda umesimama ukingoni mwa faneli ya jirani. Saa kumi jioni ndiyo wamevuta mchana kutwa.

Nakuomba upime Jumatatu alfajiri kabla hajawasha, na nyinyi wenyewe msichote usiku huo. Halafu nieleze mzee alikuwa anapima saa ngapi.

#10 Meku wa Old Moshi
Wanangu, nimewasoma. Mnaruka kitu kimoja. Zamani mifongo yetu, ile mifereji ya jadi, ilitoka mtoni huko juu ikazunguka vihamba vyote, yaani mashamba ya nyumbani, ya udongo mtupu, inavuja kila hatua. Tulikuwa na zamu, na mwenye mfongo alijulikana, na siku ya kuusafisha asiyetokea alitozwa. Yale maji yaliyovuja hayakupotea. Yalizama, yakawafikia nyie wa chini. Sasa mifongo mingi imekufa, vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa uwanja wa nyumba, na pale mtu alipobaki na mfongo anataka auwekee saruji na bomba. Kila mtu anafurahi maji hayapotei. Kwa nani hayapotei?

#11 Binti Kahe
Shikamoo Meku. Swali lenu limeniuma kwa sababu kwangu ni kinyume. Nyie mnalia maji yanashuka, shambani kwetu yanapanda. Kuna sehemu ukichimba futi tatu tu unakutana na unyevu, na kiangazi juu ya udongo panatoka unga mweupe kama magadi. Mahindi yanakuja ya njano, mengine hayaoti kabisa. Bibi anasema zamani palikuwa shamba zuri. Tumwagilie zaidi kuosha ile chumvi au tuache?

#12 Mama Majaluba
Binti, msimwagilie zaidi bila mtaro wa kutoa maji! Tulipofanya hivyo kwenye jaluba la mwisho tulizidisha. Maji unayomwaga yanaongeza yale ya chini, yale ya chini yanapanda na chumvi yake, jua linakunywa maji linakuachia chumvi. Chimbeni mtaro kwanza.

#13 Mpima Chemchemi
Mama #12 kamaliza sehemu kubwa. Niongeze tu kwamba kuna chumvi za aina mbili. Ile ya kawaida inaoshwa na maji mazuri kama yana pa kutokea. Ile ya magadi inaua udongo wenyewe, unakuwa mgumu kama sakafu, maji yanatuama juu, na hapo watu huchanganya jasi ndipo waoshe. Pimisha udongo kabla ya kununua chochote. Mawe ya volkano ya mlima huu yana sodiamu nyingi, ndiyo maana tambarare hii ina madoa ya magadi hapa na pale.

#14 Dereva wa Himo
Kwa hiyo Mabogini yanashuka, Kahe yanapanda, wote mnatumia mlima mmoja. Mbona basi hatujajibiwa? Mimi nasikia ni bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa na Wajerumani ndilo linarudisha maji nyuma hadi Kahe.

#15 Meku wa Old Moshi
Si Wajerumani, mwanangu. Nyumba ya Mungu limejengwa baada ya Uhuru, miaka ya sitini, mimi nilikuwa na meno yote. Liko pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, na mitambo yake ni ya megawati 8.

#16 Mpima Chemchemi
Na Kahe iko juu zaidi ya bwawa. Sioni maji ya bwawa yakipanda kilima kufika kwa Binti. Uhusiano uliopo ni ule mwingine: tunachotumia huku juu ndicho kinachokosekana bwawani, na baada ya bwawa kuna Hale yenye megawati 21 na Pangani mpya yenye 68, na watu wa mtoni hadi Pangani mjini kule baharini. Ndiyo maana Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi hapa hapa Moshi.

#17 Mchimba Visima
Nimechelewa, nilikuwa saiti. Wengi hapa mnazungumza kama maji ya chini ni ziwa moja. Si hivyo. Juzi nimechimba karibu na Kahe: maji ya kwanza tumeyakuta mita 7, halafu mfinyanzi mzito hadi mita 30 na kitu, halafu kokoto nyeusi na maji mengi. Tulipotoboa ule mfinyanzi maji yakapanda yenyewe kwenye bomba hadi mita 5 kutoka usoni mwa ardhi. Yaani ya chini yana msukumo kuliko ya juu. Kisima cha kijana cha mita 9 kinanywa maji ya juu tu, hayo ya mfereji na mvua ya pale pale. Msitu wa Mpima unalisha ya chini. Hizo ni hadithi mbili na mnazisimulia kwa pamoja.

#18 Mpima Chemchemi
Nakubali nusu. Mfinyanzi haujatandazwa kama zulia. Mahali pengine umekatika na maji ya chini yanapenya kuja juu. Msitu wa Rau pale mjini, na ule wa Kahe, ni misitu inayoishi kwa maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, si kwa mvua ya Moshi. Ule mti wa msoo unaopatikana Rau haupatikani sehemu nyingi duniani, na uko pale kwa sababu mizizi yake inafika majini mwaka mzima.

#19 Mangi wa Kibosho
Na mikaratusi je? Watu wameipanda kila kona kwa ajili ya nguzo na kuni. Inakunywa kama ng'ombe.

#20 Mchimba Visima
Ikipandwa kwenye kijito au karibu na kisima cha maji ya juu, ndiyo, italeta taabu. Ila mikaratusi kumi mpakani haishushi kijiji kizima.

#21 Kijana wa Mabogini
Nimerudi. Jana Jumapili saa kumi jioni: 5.0 ile ile. Usiku hatukuchota. Leo saa kumi na moja alfajiri: 4.3. Sentimita 70 zimerudi usiku mmoja!

Nikamuuliza mama baba alikuwa anapima saa ngapi. Kasema alfajiri, akitoka kukamua, kabla hajapeleka maziwa. Nimekaa na lile daftari asubuhi yote. Mwaka mzima nimekuwa nikilinganisha jioni yangu na alfajiri yake.

#22 Fundi Pampu
Nilisema mimi. Pampu.

#23 Mama Majaluba
Fundi usishangilie mapema. Alfajiri kwa alfajiri bado kutoka 3.4 hadi 4.3. Sentimita 90 hizo nani kazichukua? Kijana, mfereji wa mtaa wenu bado ni wa udongo?

#24 Kijana wa Mabogini
Hapana mama. Umewekwa zege mwaka juzi mwishoni.

#25 Mama Majaluba
Basi mimi nimemaliza.

#26 Mchimba Visima
Hujamaliza mama, kwa heshima. Zege liliwekwa na nyanya zikaongezeka ndani ya miaka miwili hiyo hiyo. Utatenganishaje?

#27 Mpima Chemchemi
Kwa kuwa na visima vingi, vya karibu na mfereji na vya mbali nao, vya karibu na pampu na vya mbali nazo. Kimoja hakiwezi. Na kuna hili la kuchelewa: maji ya juu yanaitika mvua ndani ya wiki, ila yanayotoka mlimani yanaweza kuwa njiani miaka mingi. Ukame wa miaka ya nyuma unaweza kuwa ndio unafika leo, na masika hii nzuri mkaiona baadaye sana.

#28 Dereva wa Himo
Huu mradi wa mpunga wa Lower Moshi si ulikuwa wa Mwinyi? Wangeulizwa wao, Wajapani walipima kila kitu.

#29 Meku wa Old Moshi
Ulianza Mwalimu akiwa bado Ikulu, ukakamilika 1987 Mwinyi ameshika. Ulipangwa hekta 2,300, na 1,100 kati yake ziwe za mpunga, maji kutoka Njoro na Mto Rau. Mpunga ulipolipa, na watu wa juu ya banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni, wakaanza kuulima, maji ya mto yakaishia kwao. Siwalaumu, nani angeona jirani anavuna akakaa? Lakini eneo la mradi lilipungukiwa maji muda mrefu kabla ya hizi pampu.

#30 Mwana Tengeru
Salamu kutoka upande wa Meru. Nawaonea wivu mnaogombania wingi tu. Sisi kisima kinaweza kujaa na msikinywe. Madini ya floraidi. Mimi na wadogo zangu wote meno ya kahawia, na babu alipinda miguu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, nchi yetu ilivumilia 4 kwa miaka mingi, na huku kwetu kuna vyanzo vinavyopita hata hiyo 4. Msidanganywe kuchemsha: maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile. Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na huo unafanya kazi, ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe.

Kijana, kabla ya kuchimba kirefu pima hilo, hasa kama kuna mtoto nyumbani. Meno yakishaota na rangi hakuna dawa ya mswaki.

#31 Kijana wa Mabogini
Mdogo wangu ana miaka minne. Nitapima. Asante sana kaka.

Wazo la kirefu lipo kweli. Au nishushe pampu ya petroli chini kwenye ngazi ya kisima, maana ikikaa juu sasa inavuta kwa shida.

#32 Fundi Pampu
USISHUSHE. Kijana nisikilize vizuri. Pampu ya kuvuta kwa mdomo ina mwisho wake, kama mita 7 hivi, zaidi ya hapo inapiga hewa. Watu wanaona wakiishusha kisimani itafika. Moshi wa injini unajaa shimoni, hauna rangi ya kukutisha, na aliyeshuka analegea miguu bila kujua. Nilizika rafiki yangu kwa hilo, na ndugu yake aliyeshuka kumtoa tukamzika siku hiyo hiyo. Kama maji yameshuka nunua ya umeme ya kuzamisha, au ya sola, injini ibaki nje. Kama huna hela ya hiyo, chota kwa ndoo.

#33 Mama Majaluba
Ee Mungu. Kijana jibu kwamba umesikia.

#34 Kijana wa Mabogini
Nimesikia. Haishuki. Pole sana fundi.

#35 Mchimba Visima
Kuhusu kirefu: kinahitaji kibali cha bonde, ni sheria ya 2009 ya rasilimali za maji. Cha mkono cha matumizi ya nyumbani hakihitaji. Akija mtu kukuchimbia bila savei na bila karatasi, mwache apite. Na ukichimba, mwambie apampu saa 24 huku mnaandika kina, usikubali ya nusu saa. Kisima kinaweza kutoa maji kama mto nusu saa ya kwanza, kikakuacha saa ya sita.

#36 Binti Kahe
Nami nataka kuanza kupima, ila kamba na jiwe vinanichanganya, sijui jiwe limegusa lini.

#37 Mpima Chemchemi
Chukua kipande kifupi cha bomba la chuma, ziba juu, acha chini wazi. Kifunge kwenye tepu ya fundi ujenzi. Kikigusa maji kinasema "pwa", utasikia hadi mita 20. Pandisha shusha mara tatu uhakikishe, ongeza na urefu wa kile kipande. Pima daima kutoka alama moja mdomoni, ipigie rangi. Andika saa. Andika kama jirani amewasha. Andika kama mfereji una maji.

#38 Mama Majaluba
Mimi nitapima alfajiri Jumatatu, kijana akipima. Changu kipo mita 15 kutoka mfereji wa udongo, hakuna pampu karibu.

#39 Binti Kahe
Na mimi. Chetu kiko mbali na mfereji, jirani ana pampu moja.

#40 Mangi wa Kibosho
Huku juu hatuna kisima, tuna bomba na kijito. Nitaweka kopo la kupimia mvua kihambani niwatumie milimita. Lakini barafu sijaiachia bado, Mpima.

#41 Kijana wa Mabogini
Jumatatu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, 4.4. Jirani hajawasha tangu Jumamosi, mfereji umefungwa siku ya tisa. Nimeandika kwenye daftari la baba, chini ya mwandiko wake.

#42 Mama Majaluba
Chekereni, saa kumi na moja, 2.9. Wiki iliyopita majaluba yakiwa na maji ilikuwa 2.6. Mfereji wetu umefungwa siku ya sita.

#43 Binti Kahe
Kahe 1.3, na imepanda vidole viwili tangu Alhamisi. Hakuna aliyemwagilia. Nani anaweza kunieleza?